Jani Linaloua Utamu

Chupa ya maji ilikuwa mezani tangu asubuhi, na Tabibu Manorama Nagda hakuigusa.

Inspekta Urmila Dangi ndiye aliyeiweka pale. Midomo ya yule mama ilikuwa imekauka hadi ikapasuka, na kila alipotaka kujibu swali ilimbidi ameze mate kwanza. Hata hivyo mikono yake ilibaki imefunikwa kwa upindo wa sari, mapajani.

"Nani anasaga unga wa dawa yako?" Urmila aliuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Kwa mikono yangu hii, kama mwalimu wangu alivyonifundisha. Umeuliza, nimejibu. Ukiuliza tena nitajibu vilevile."

Tangu ujana wake Manorama alikuwa akiwatibu watu wa mji wa Nimach wenye sukari na wenye mafuta mengi katika damu. Dawa yake ilijulikana na kila mtu: majani ya gurmar, mbegu za uwatu na utomvu wa guguli, vikasagwa pamoja na kutiwa katika kopo lenye picha yake. Kisha katika juma moja wagonjwa wake wawili walianguka. Bhuribai, mjane aliyekuwa akiuza vitunguu saumu sokoni, alikutwa kitandani amekwisha kufa. Jagannath, mpika halua wa pale kwenye mnara wa saa, alianguka kando ya karai lake la mafuta na hadi leo hakuwa amefumbua macho. Wote wawili, madaktari walisema, damu yao haikuwa na sukari hata ya kumtosha kunguru. Wote wawili walikuwa na kopo lenye picha ya Manorama.

Watu walikuwa wameivunja kwa mawe milango ya nyumba yake. Sasa walikuwa wamejazana nje ya kituo cha polisi, wakingoja kumwona akipelekwa kwa hakimu amefungwa pingu.

Mlango ulifunguliwa. Kichwa cha Bwana Chaturvedi, Mkuu wa Polisi wa wilaya, kikatangulia kuingia.

"Bado tu, Inspekta? Mama amekiri anasaga mwenyewe. Unataka nini tena, akuimbie?"

"Nataka anywe maji, Mkuu."

"Anywe nini?"

"Maji. Hajanywa tangu alfajiri." Urmila akaisogeza ile chupa. "Kunywa, mama."

Manorama alimtazama kwa muda. Kiu ikamshinda. Alitoa mikono kutoka katika sari, akaikumbatia chupa kwa viganja, akajaribu kukibana kizibo katikati ya vifundo vya mikono. Kilikataa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda kama mizizi ya tangawizi. Akajaribu kwa meno. Urmila akaichukua chupa taratibu, akamfungulia, akamrudishia.

Mama alikunywa hadi nusu bila kupumzika.

"Baridi yabisi," Urmila alisema. "Mtu asiyeweza kufungua kizibo cha chupa hawezi kuinua mchi. Sasa tuanze upya, mama. Nani anakusagia dawa?"

Chaturvedi aliingiza na mwili wake wote chumbani.

"Hemant," mama alisema hatimaye. "Mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi. Ana mashine ya kusaga shambani kwake, njia ya kwenda Manasa; yeye ndiye anayejaza makopo na kuyasambaza."

"Kwa nini ulinificha?"

"Mwalimu aliniapisha kwamba dawa ya mgonjwa wangu haitapita mikono ya mtu mwingine. Vidole vikanisaliti. Nikaona heri kiapo kivunjike kuliko wagonjwa wakose dawa."

"Na ulikuwa tayari kufungwa kwa sababu ya kiapo?"

"Kwa sababu ya jina. Kwenye kopo kuna jina langu, si la Hemant." Akaweka chupa chini. "Tena mtoto hana kosa. Kila akisaga huniletea kopo nyumbani, nami huonja. Dawa ni safi. Sijui kilichowaua watu wangu, lakini dawa ile ni safi."

Chaturvedi alimvuta Urmila hadi ukumbini. "Hiyo nayo haimsaidii. Amesaga yeye, amesaga mpwa wake, ni yaleyale. Jioni, kabla hakimu hajainuka, nampeleka. Wale watu wa nje wakichoka kungoja watatuchomea kituo."

"Nipe hadi jioni, Mkuu."

"Ndiyo niliyosema. Jioni."

*

Sajini Bherulal aliendesha jipu kuelekea hospitali kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukichota poha, ule mchele uliopondwa na kukaangwa, kutoka kwenye gazeti lililokunjwa. Bherulal alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kupita duka la halua bila kupunguza mwendo.

"Afande, mimi nasema ni yule mwenye duka la dawa karibu na stesheni," alisema akitafuna. "Alikuwa akimwonea wivu mama. Kila mtu anajua."

"Nilimhoji jana. Makopo yote mawili yalikuwa na muhuri, na waliyafungua wagonjwa wenyewe. Aliyeharibu dawa aliiharibu kabla ya kuzibwa."

"Basi ni mpwa."

"Au shangazi. Usikimbilie kumaliza, Bheru. Endesha kwa mikono miwili."

Daktari Tasneem Kapasi aliwapokea kwenye mlango wa wodi, rida yake ya maua, vazi refu la wanawake wa Kibohora, ikiwa imepambwa kwa kipima-moyo. Hakuwa rafiki wa waganga wa mitishamba wala hakulificha jambo hilo.

"Kila juma wananiletea mtu aliyeacha sindano akafuata majani," alisema. "Yule Manorama mfungeni hata leo, sitalia. Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi. Njooni."

Jagannath alikuwa amelala chali, tumbo lake kubwa likipanda na kushuka chini ya shuka, dripu ikimdondokea mkononi.

"Nampa maji ya sukari, sukari inapanda," daktari alisema. "Nikipunguza tu, inaanguka tena. Kama ndoo iliyotoboka. Majani hayafanyi hivyo. Na tazama vipimo vyake vya nyuma. Alipoanza dawa ya yule mama, sukari ilishuka polepole sana. Na mafuta ya damu nayo yakashuka kidogo. Sisemi ni muujiza. Huenda ni dawa, huenda aliacha kula samli, sijui. Lakini vilishuka pamoja. Kisha baada ya sikukuu ya Diwali, vikaachana. Mafuta yamepanda tena kama mtu asiyetumia chochote, na sukari imeanguka kama jiwe kisimani."

"Kama mtu aliyebadilishiwa dawa," Urmila alisema.

"Mimi ni daktari. Kubahatisha ni kazi yako."

Nje ya wodi, kwenye benchi, alikuwa ameketi Sajanbai, mke wa Jagannath. Yeye ndiye aliyefungua mashtaka, na alipoona magwanda ya polisi alisimama kwa hasira.

"Bado mnamlisha yule mchawi kwa kodi zetu?"

"Dada Sajan, keti," Urmila alisema, akaketi yeye kwanza. "Nieleze mumeo alivyokuwa akitumia ile dawa. Kila kitu, hata kisicho na maana."

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Nini cha kueleza? Alimeza mauti yake kwa kijiko."

"Aliipenda?"

Sajanbai alitoa kicheko kikavu. "Aipende! Ulimi wa mpika halua ndio jembe lake, Inspekta. Alipoanza dawa ile, jembe likavunjika. Akimeza unga wa asubuhi, anaonja barfi, ile kashata ya maziwa, anasema haina sukari. Anaongeza. Wateja wanarudisha, wanasema umetaka kutuua. Ikabidi mimi ndiye niwe mwonjaji. Unaniona nilivyo? Sikuwa hivi. Ni barfi."

Bherulal alikohoa ili asicheke.

"Iliendelea hivyo hadi lini?"

"Hadi Diwali. Baada ya Diwali ulimi ukapona. Akafurahi kama bwana harusi! Akasema Tabibu ametengeneza dawa mpya isiyoua utamu, na sukari inashuka upesi kuliko zamani. Akawa anaisifu dukani kwa kila mteja." Akajifuta macho kwa upindo wa sari. "Aliisifu hadi siku aliyoanguka."

Urmila alikuwa ameinuka tayari.

"Daktari! Gurmar hufanya nini ulimini?"

Tasneem alitokea mlangoni. "Hufunga utamu kwa muda. Jina lake lenyewe si ndilo hilo, kiua sukari guru? Hilo hata mimi silipingi. Tulikuwa tukilitafuna shuleni kwa mchezo, kisha tunalamba sukari, tunaona kama mchanga."

"Kwa hiyo dawa yenye gurmar itaua utamu. Na dawa isiyoua utamu..."

"Haina gurmar," daktari alimalizia polepole.

Urmila alimtuma Bherulal kwenye jipu. Akarudi na makopo mawili yaliyofungwa kwa utepe wa polisi: moja lililochukuliwa kwenye rafu ya Manorama, jingine la Jagannath. Sehemu ya unga ilikuwa imekwisha pelekwa maabara ya Bhopal, na majibu ya Bhopal huja yanapojisikia. Makopo yalifanana kama mapacha, picha kwa picha, muhuri kwa muhuri.

"Sajini, wewe ni mpenda vitamu."

"Afande, niliapa kulitumikia taifa, sikuapa kuonja sumu."

"Utaweka ulimini, utatema, utasukutua," daktari alisema. "Hutakufa. Na mwili ulionao, hata ukimeza utaishi."

Nesi akaleta sukari katika kisahani. Bherulal alianza na kopo la mgonjwa. Alikunja uso, akatema, akasukutua, akaweka sukari ulimini.

"Tamu," alisema. "Tamu kabisa."

Kisha kopo la rafu ya Manorama. Akatema, akasukutua, akalamba sukari. Akalamba tena. Macho yakamtoka.

"Afande, imekufa! Hakuna kitu! Ni kama nimelamba kokoto!"

Sajanbai alikuwa amesimama nyuma yao, mkono mdomoni. "Kwa hiyo... dawa tuliyonunua siyo ya Tabibu?"

"Picha ni ileile, dawa ni mbili," Urmila alisema. "Daktari, kama si majani, ni kitu gani kinachoshusha sukari na kuikataza isipande?"

Tasneem hakufikiri sana. "Vidonge vyetu. Vya hospitali. Vipo vya zamani vinavyokaa mwilini muda mrefu. Vikisagwa na kuchanganywa na unga wowote wa kijani, mtu hajui amemeza kimoja au sita." Alikuwa amekwisha geuka kumfuata mgonjwa wake. "Na kama ndivyo, nimekuwa nikimtibu nusu. Ipo dawa ya kuvizuia vidonge hivyo. Nesi! Niletee oktreotaidi, na dripu isipungue hata tone!"

*

Mashamba ya njia ya Manasa yalikuwa yamechanua, mipopi myeupe, ile ya afyuni inayolimwa kwa leseni ya serikali, pande zote mbili hadi upeo wa macho. Kasuku walikuwa wakipita kwa makundi, na wakulima wakiwapigia madebe. Kabla ya kufika, Urmila alisimamisha jipu pembezoni, wakanunua kwa mchuuzi jalebi za moto, vile vitamu vya kukaanga vinavyochovywa kwenye shira.

"Afande, leo unanifurahisha."

"Usile. Kwanza tafuna hili." Akampa jani la kijani lenye nywele nywele. Alilichuma mwenyewe kwenye ua uliovunjwa wa Manorama.

Bherulal alilitazama jani, akazitazama jalebi, akatafuna kwa uso wa mtu anayezika ndugu.

Hemant Nagda alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushei, shati jeupe, masharubu yaliyochongwa kwa uangalifu. Karakana yake ilikuwa jengo jipya la matofali kando ya shamba lake la popi. Alipowaona alitoka mbio, akawashika mikono kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni. Shangazi hali yake? Ameshakula? Mimi silali. Mama aliyenilea, Inspekta, sasa watu wanamwita muuaji!"

"Ndiyo maana tumekuja. Tunataka kumwondolea tuhuma. Wewe ndiye unayesaga?"

Alisita kidogo tu. "Amewaambia? Basi sawa. Ndiyo, nasaga. Lakini kwa kanuni zake."

Aliwatembeza. Mashine ilikuwa safi, magunia yamepangwa, makopo yanangoja vifuniko. Kwenye kona kulikuwa na gunia la majani makavu. Urmila alichukua moja, akalivunja, akalinusa.

"Mwarobaini," alisema.

"Ni wa sabuni. Ninasaga vitu vingi."

"Na gurmar?"

"Imeisha jana. Nangoja mzigo mwingine." Akainua kopo lililojaa, bado halijafunikwa. "Hii ndiyo ya mwisho, ya jana. Kamili: gurmar, uwatu, guguli."

"Unajuaje kwamba iko sawa?"

"Kwa ulimi! Kama shangazi alivyonifundisha. Hakuna kopo linalotoka hapa sijalionja."

"Hebu onja hili."

Hemant alitabasamu. Alichota unga kwa ncha ya kijiko, akauweka ulimini mbele yao, akauzungusha mdomoni, akaumeza. Akapanua mikono kama mchezaji wa mazingaombwe. "Mmeona? Sumu ingekuwepo ningethubutu?"

"Umetuondolea mashaka," Urmila alisema. "Sajini, lete zile jalebi. Haifai kula peke yetu nyumbani kwa mtu."

Gazeti lilifunguliwa. Shira ilikuwa bado ya moto. Hemant akachukua moja, akauma, akafumba macho.

"Aah! Tamu ajabu. Mmezinunua kwa yule wa kilima kidogo? Yule anajua kazi."

"Tamu kweli?"

"Tamu hadi meno yanauma!"

"Bherulal, wewe wasemaje?"

Bherulal aliuma. Akatafuna. Huzuni ikamshuka usoni. "Mpira, afande. Natafuna mpira uliochovywa kwenye mafuta."

Hemant alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Sajini wangu ametafuna jani moja la gurmar," Urmila alisema. "Wewe umemeza unga wa dawa yenye gurmar kamili, iliyosagwa jana, iliyoonjwa kwa ulimi. Yeye ulimi umekufa. Wako uko hai, tena umemtambua hadi mchuuzi. Umesema huonja kila kopo, Hemant. Hata ungeonja moja tu maishani, ungejua linavyoua utamu, usingegusa jalebi yangu."

Hemant akarudisha kopo mezani.

"Ni... labda majani yalikuwa ya zamani. Hupoteza nguvu."

"Na sukari ya wagonjwa ikaanguka kwa nguvu ya nani?"

Hemant alitazama mlango, akatazama dirisha. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya siri. "Inspekta, sikutaka kumtia aibu. Ni shangazi. Yeye ndiye aliyeniagiza. Alisema wagonjwa wanalalamika dawa inachelewa, tia vidonge kidogo. Mimi ni mtoto tu kwake, ningekataaje?"

"Vidonge gani? Mimi sijataja vidonge."

Alifunga mdomo. Akachelewa.

"Haya, tuseme shangazi amekuagiza," Urmila aliendelea, kwa sauti ileile. "Basi nieleze jambo moja. Kopo unalompelekea yeye nyumbani lina gurmar ya kweli. Tumelionja leo. Ya wagonjwa haina. Umekuwa ukisaga dawa mbili kwa jina moja: moja ya kuwauzia watu, na moja ndogo, nzuri, ya kumdanganya mama mmoja mwenye ulimi mkali. Kama yeye ndiye mwenye shauri, ulikuwa unamficha nani?"

Hemant alimsukuma Bherulal kwa mabega yote mawili, akatoka mlangoni.

Alikimbilia shambani. Kati ya mipopi alikuwa amefunga nyuzi kutoka nguzo hadi nguzo, na kwenye nyuzi vipande vya karatasi za fedha vilivyomeremeta juani ili kuwatisha kasuku. Alikuwa amezifunga mwenyewe, lakini mtu anayekimbia huku akitazama nyuma haoni nyuzi zake. Uzi wa kwanza ulimshika kifuani, wa pili shingoni. Akaanguka, akajizungusha, akainuka amevikwa karatasi kama farasi wa harusi. Bherulal alimfikia akihema, akamkalia.

"Tulia wewe! Umenivunjia popi za serikali na umeninyima jalebi!"

Urmila alikuja bila kukimbia. Aliinama, akachukua kipande kimoja kilichokatika, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na safu mbili za vijumba vitupu, kila kimoja kimetobolewa na kidole gumba. Mgongoni maandishi yalikuwa bado yanasomeka, jina la kidonge cha kushusha sukari. Akatazama uzi ule hadi mwisho wa shamba, kisha uzi uliofuata, na uliofuata. Shamba zima lilikuwa liking'aa.

"Wengine huchoma takataka zao," alisema. "Wewe umezitundika."

"Walitaka haraka!" Hemant alilia, uso wake udongoni. "Wote! Wanataka sukari ishuke kesho! Majani yanachukua miezi, nani anangoja miezi? Walikuwa wakinisifu! Jagannath mwenyewe alinisifu!"

"Na Bhuribai?"

Urmila akamfunga pingu.

*

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipoingia kituoni. Umati ulipomwona Hemant akishushwa, karatasi za fedha bado zikining'inia kolani, kelele zilikatika. Watu walitazamana.

Chaturvedi aliwasikiliza amesimama. Alisoma maandishi ya kile kipande mara mbili, akasikia kukiri kwa Hemant kwa masikio yake mwenyewe, akavua kofia na kuivaa tena.

"Mwachieni mama," alisema. "Apitie mlango wa nyuma, gari limpeleke kwa ndugu zake. Sitaki fujo."

Manorama alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mahabusu. Walikuwa wamekwisha mweleza kuhusu Hemant, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini shingo ilikuwa wima.

"Sipiti nyuma," alisema. "Niliingizwa kwa mlango wa mbele watu wakinitemea mate. Nitatoka kwa huohuo."

"Mama, ni kwa usalama wako..."

"Mkuu," Urmila alisema, "nitatoka naye mimi."

Akasukuma milango yote miwili ikafunguka. Walisimama juu ya ngazi, mama mwenye vidole vilivyopinda na inspekta mwenye vumbi la shambani hadi magotini. Urmila alitamka kwa sauti iliyofika hadi kwenye vibanda vya chai:

"Tabibu Manorama Nagda hana hatia! Aliyetia vidonge kwenye dawa yake ameshikwa na amekiri. Mama huyu amedanganywa kama mlivyodanganywa ninyi!"

Watu wa nyuma wakaanza kusukumana kumpisha mtu. Alikuwa Sajanbai, amekuja mbio kutoka hospitali, nywele zimemfumuka, jasho linamtiririka. Alipanda ngazi, akaanguka miguuni pa Manorama na kuishika.

"Amefumbua macho!" alisema kwa kilio. "Daktari ametia dawa nyingine, akafumbua macho! Ameniita kwa jina! Nisamehe, dada, nilikuita mchawi, nilikutukana hadi mama yako!"

Manorama hakuweza kumwinua kwa vidole, akamwinua kwa viwiko. "Amekula kitu?"

"Amelilia kachori."

"Kachori hapana!" ilisikika sauti ya Daktari Tasneem, aliyekuwa akiteremka kutoka kwenye riksho. "Uji wa wali na choroko, basi!" Alipofika kwenye ngazi alimtazama Manorama ana kwa ana. Kwa miaka walikuwa wakisemana vibaya bila kuwahi kukutana. "Nimemwona mtu wako ameamka," alisema. "Bado nina maneno na wewe kuhusu wagonjwa wanaoacha sindano. Marefu."

"Njoo nyumbani, tuyaseme. Milango imevunjika, hutahitaji kubisha."

Daktari alicheka kabla hajajizuia, na watu waliokuwa karibu nao wakacheka. Mtu fulani akapaza sauti, "Ushindi kwa Tabibu!" na wengine wakaitikia, na ile sauti ikazunguka uwanja mzima. Mpiga ngoma wa harusi aliyekuwa akipita akaona kuna jambo, akaanza kupiga bila kuuliza.

Manorama alinyoosha mkono kutaka kimya. "Ngoma baadaye. Inspekta, polisi si mna gari lenye kipaza sauti?"

Bherulal alilileta hadi mbele ya ngazi. Mama alipewa kipaza sauti, akakishika kwa viganja viwili.

"Mimi ni Manorama," alisema, na jina likarudi kutoka kuta za soko. "Nyumbani mwenu mna makopo yenye picha yangu. Yaliyotoka baada ya Diwali ni sumu. Msimeze dozi ya jioni! Nendeni mkayalete hapa, sasa hivi, na mwenye jirani asiyesikia amwambie. Aliyemeza asubuhi na anatetemeka au anatoka jasho, apewe sukari na aletwe kwa daktari huyu hapa. Bhuribai sikumwahi. Ninyi nawataka wote."

Watu waliokuja kumwona akifungwa waligeuka na kukimbia kila mmoja kwake. Muda si muda wakaanza kurudi, wanawake, watoto, wenye baiskeli, na makopo yakaanza kuanguka katika gunia alilolishika Bherulal, kopo juu ya kopo, yakilia kama mvua kwenye mabati.

Urmila alikuwa ameegemea nguzo, anakunywa chai aliyoletewa na watu wa kibandani, aliposikia mnong'ono nyuma yake.

"Dereva," Chaturvedi alikuwa akisema kwa sauti ya chini kabisa, "kimbia nyumbani. Mama yangu anayo mawili, kabatini, nyuma ya birika. Usimwambie mtu."

Lakini Manorama, aliyeonja unga maisha yake yote, alikuwa na masikio makali kama ulimi wake, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Mama yake Mkuu wa Polisi asimeze ya jioni!" ilivuma sauti yake juu ya mapaa ya Nimach. "Mpeni chai, na mtie sukari nyingi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Chaturvedi alisimama amekakamaa kwa kitambo, mashavu mekundu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, naye akacheka hadi akaishika nguzo. Dereva alikuwa amekwisha ondoka mbio, na umati ukampisha njia ukimshangilia kama mkimbiaji anayeelekea mwisho wa mashindano.